Hataki, Bwana

Rozalia Kikoti alikuwa na ulimi mzuri, na watu walimsifia hivyo kwa nia njema kabisa. Alizaliwa Ipogolo, pale barabara kuu inapopita chini ya mji wa Iringa, akalelewa Tosamaganga ambako mama yake aliwapikia masista. Jikoni humo aliokota Kiitaliano cha kuombea chumvi, na Kiingereza akakichukua kwa masista wageni ambao wenyewe walikuwa wanakibabaisha. Kihehe alizaliwa nacho. Kabla hajamaliza shule ya msingi, wafadhili wakija alikuwa anatolewa mbele, anasimamishwa kwenye ngazi za kanisa na kuambiwa atafsiri.

Siku yake ya kwanza, mzee Shedrack wa kamati ya maji alisimama na hasira zake zote. "Waambie hao wageni pampu yao imefanya kazi mwezi mmoja, ikafa. Wake zetu wamerudi mtoni. Lile bomba lao tunafungia mbuzi." Rozalia akawatazama wageni. Walikuwa wamebabuka pua kwa jua, wanatabasamu, mmoja amempakata mtoto wa watu. Akasema kwa Kiingereza kwamba wazee wanashukuru kwa maji na wanaomba wasisahaulike. Makofi yakapigwa. Mwaka uliofuata ikaja pampu nyingine, nzuri kuliko ile, na mzee Shedrack akaamini mpaka anaingia kaburini kwamba ukali wake ndio ulioileta. Sasa nani angemwambia binti yule kwamba amekosea? Alijifunza palepale kwamba mkalimani ni mpishi, anatoa mifupa kabla ya kupakua, na akayafanya hayo kuwa maisha yake.

Asieleweke vibaya. Rozalia hakuwa mwongo, alikuwa anafupisha. Mtu wa kijijini ukimuuliza habari za shamba lake anaanzia kwa babu yake, na ana haki ya kuanzia huko. Mgeni naye ana gari linalomngoja na saa mkononi. Katikati yao yuko Rozalia, koo limemkauka, jua la utosi. Anayetaka kumhukumu akasimame pale kwanza. Hivyo ndivyo alivyosomesha watoto wake, kwa kufundisha Kiswahili vijana wa Ulaya wanaokuja kujitolea, na kuwatafsiria watafiti, wachungaji na watu wa miradi. Alipokaribia miaka hamsini hakuna aliyemzidi kwa kazi hiyo kuanzia Iringa hadi Mafinga.

Kisha akaja Mzee Alan.

Mzee Alan alikuwa Mwingereza aliyepita themanini, mrefu, mikono inamtetemeka, na adabu zake zilikuwa za zamani kiasi kwamba alimwamkia hata muuza karanga. Baba yake alikuwa mkuu wa wilaya katika nyanda hizi enzi za Mwingereza, wilaya yenyewe tuiache bila jina. Mkuu wa wilaya wakati huo watu walimwita Bwana Shauri. Mzee Alan alikulia kwenye nyumba ya boma mpaka alipopelekwa Ulaya kusoma, na sasa, kabla hajafa, alikuwa na swali moja lililomvusha bahari: baba yangu alikuwa mtu wa haki? Alitaka kuwauliza wazee waliomwona kwa macho. Rozalia akapewa kazi ya kuwatafuta.

Waliobaki ni wachache. Mmoja alikuwa amesahau hata jina lake, mwingine alidhani Mzee Alan ndiye Bwana Shauri mwenyewe amerudi, akakimbilia kueleza kwamba kodi alilipa. Ikabaki nyumba ya Bibi Veneranda, milimani, mbele ya Tosamaganga.

Njiani, ndani ya gari, Mzee Alan alieleza jinsi serikali ile ilivyofanya kazi, maana alikuwa amesoma sana habari zake. Juu kabisa alikuwepo Gavana, Dar es Salaam, naye aliwajibika London. Chini ya Gavana walikuwepo wakuu wa majimbo, na wa jimbo hili la Nyanda za Juu Kusini aliketi Mbeya. Chini yake kila wilaya ilikuwa na Bwana Shauri wake, mzungu mmoja na msaidizi na askari wa kuhesabika, kwenye nchi ambayo kuizunguka yote kwa miguu ni kazi ya kiangazi kizima. "Unajua iliwezekanaje?" alisema, macho yanang'aa. "Ni kwa sababu hatukutawala sisi. Mtwa, yaani chifu wenu, aliachiwa kiti chake, baraza lake la kesi, hazina yake. Jumbe ndiye aliyekusanya kodi. Sheria za kilimo zilitoka kwa mtwa mwenyewe. Baba yangu kazi yake ilikuwa kumpa mtwa ushauri tu. Ndiyo maana mkamwita Bwana Shauri."

Dereva alikuwa kijana wa Mbeya, Ombeni, hakuacha kuchungulia kioo. "Anasemaje huyo mzee, dada Roza?"

Rozalia akamwambia.

"Muulize basi, mtwa akilikataa hilo shauri inakuwaje?"

"Dereva anasema historia hii inavutia," Rozalia alimwambia Mzee Alan, na Mzee Alan akamshukuru dereva.

Swali la Ombeni lilikuwa na maana kuliko alivyojua. Shauri, kwa Kiswahili chetu sote, ni jambo la watu wawili waliokaa chini wakaulizana. Shauri la boma lilikuwa na askari nyuma yake na gereza mbele yake. Mtwa aliyeshauriwa apitishe sheria ya matuta aliipitisha, jumbe akaitangaza, na mtu akiivunja alishtakiwa kwenye baraza la mtwa, akafungwa na watu wake mwenyewe, kwa lugha yake mwenyewe. Boma lilibaki safi. Kwa kweli waliobuni mpango ule walikuwa na akili, na laana kidogo.

Walimkuta Bibi Veneranda barazani kwake, miguu ameinyoosha kwenye mkeka, anapukuchua mahindi. Alikuwa anaukaribia mwaka wa tisini, macho yana ukungu lakini masikio mazima.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, mwanangu. Huyo ndiye mtoto wa Bwana Miwani, yule Bwana Shauri wetu? Mlete karibu nimshike."

Alimshika mikono yote miwili, akaipapasa kama mtu anayechagua kitambaa. Kiti kikaletwa, viazi vya kuchemsha vikaletwa, chai ikaletwa. Mzee Alan akauliza swali lake, na Rozalia akalitafsiri lote, kwa sababu lilikuwa fupi.

Bibi Veneranda alijibu kwa Kihehe, na alianzia mbali.

Baba yake aliitwa Marcelino. Alikuwa na shamba juu ya kilima kile pale, na kwenye mteremko wa shamba, chini ya mawe yaliyopangwa, alikuwa amemzika mama yake na watoto wawili waliochukuliwa na surua. Padri alijua ni makaburi. Kwamba Marcelino alikuwa anapeleka togwa pale kila mavuno, hilo padri hakuambiwa. Ikaja amri ya matuta, kila mteremko uchimbwe kwa kukingama ili mvua isibebe udongo. Mtu wa kilimo akapita na vijiti, akachomeka mstari, na mstari ukapita juu ya mawe. Marcelino akang'oa vijiti vya pale. Jumbe akamshtaki, baraza la mtwa likamtia hatiani. Akaomba jambo moja, asikilizwe na Bwana Shauri mwenyewe atakapopita na mahema yake.

"Akapita," alisema Bibi. "Mimi nilikuwa msichana wa kuota maziwa. Nilimbebea baba chakula, nikakaa upande wa wanawake. Bwana Miwani alikuwa ameketi kwenye kiti cha turubai. Kiswahili alikijua, kile cha kitabu. Baba yangu alijua Kihehe tu. Basi katikati alisimama karani wa boma, Yotamu, Mbena mmoja mpole. Huyo ndiye aliyekuwa mdomo wa wote."

Marcelino alisema kwa muda mrefu. Alieleza mama yake alivyofika kilimani akiwa na mimba yake yeye, jinsi watoto walivyokufa, nani alichimba kaburi lipi. Mwishoni akasema: sikatai matuta. Nionyesheni pa kuyapitisha, yawazunguke hawa waliolala, nami nitachimba peke yangu, na shamba la jirani nitachimba. Mchana ulikuwa umesimama, watu wengine walikuwa wanangoja kesi zao, na Yotamu alikuwa wima tangu asubuhi. Bwana Miwani akamgeukia. "Anasema nini?"

"Hataki, Bwana," alisema Yotamu.

"Watu wakacheka," Bibi alisema. "Walikuwa wanamcheka Yotamu. Maneno marefu vile, kuyafanya moja! Lakini Bwana Miwani alidhani wanaicheka serikali, na kwamba baba ndiye amewachekesha. Uso ukamwiva. Akaandika. Baba akaenda kifungoni. Aliporudi, matuta yalikuwa yamepita juu ya mama yake, na mahindi yamestawi. Hilo nalo mwambie, asidhani nampendelea baba. Yalistawi sana."

Neno lile halikubaki barazani. Watu walilichukua nyumbani kwa mzaha, na mzaha ukaota mizizi. Marcelino akawa Mzee Hataki. Binti yake akawa Binti Hataki, na karani wa shule akaandika alichosikia, hivi kwamba mpaka leo kuna mjukuu wa Bibi Veneranda ambaye cheti chake kinasema Happy Hataki. Marcelino hakusimama tena kwenye baraza lolote. Hata uhuru ulipokuja, na wanasiasa wakaja kumwomba aseme yaliyompata, alitikisa kichwa tu, wakasema kwa kucheka, "Hataki."

Bibi Veneranda akamshika Rozalia goti. "Sasa mwambie hivi, mwanangu. Simlaumu baba yake. Alikuwa mtu wa haki. Aliketi, akauliza, akangoja jibu. Ila jibu hakupewa. Huyu ndiye aliyebaki wa boma, basi apewe yeye. Baba yangu hakukataa. Aliomba aonyeshwe pa kupita."

Rozalia alimgeukia Mzee Alan. Alikuwa ameinama mbele kwenye kiti, kikombe kinagongana na sahani yake kwa mtetemeko. Ombeni alikuwa amesimama mlangoni anatikisa funguo, maana kulikuwa na mvua inakuja na barabara ile ikilowa haipandiki. Maneno yote yalikuwa kichwani kwa Rozalia, mazima, yamejipanga. Akamwangalia mzee wa watu aliyevuka bahari na moyo mgonjwa, akaona itakuwa ukatili.

"Anasema baba yako alikuwa mtu wa haki," alisema. "Aliketi, akauliza, akawasikiliza watu." Akasita. Bado palikuwa na nafasi. "Baba yake yeye alikuwa mkulima wa hapahapa."

Mzee Alan akalia. Alilia kwa sauti, bila aibu, akateremka kitini, akapiga magoti kwenye mkeka katikati ya mahindi, akaibusu mikono ya Bibi Veneranda. Bibi naye akamwekea kiganja kichwani. "Umeona?" alimwambia Rozalia, machozi yanamshuka. "Ameelewa. Mtu mzima akilia hivyo ameelewa."

Rozalia akasema ndiyo, bibi, ameelewa.

Na huo, tofauti na yote aliyoyafupisha maishani, ulikuwa uongo.

Wiki hiyo hakuweza kula vizuri. Alijiambia kwamba hakuna aliyeumia. Mzee ameondoka na amani yake, bibi amebaki na amani yake, mvua haikuwashika njiani. Alijaribu kulikumbuka tendo lile kama pampu ya mzee Shedrack, likakataa kukaa hapo. Kila alipofumba macho alimwona Yotamu, ambaye hakuwahi hata kumwona, amesimama wima mchana kweupe, mpole, amechoka. Rozalia alikuwa amemsikiliza Bibi akisimulia kosa la mkalimani, na kabla viazi havijapoa akalirudia lilelile, kwa familia ileile. Yotamu angalau alikuwa na kisingizio cha kutojua litakalofuata.

Kisha Happy, yule mjukuu, akashuka Ipogolo kwa Rozalia na jogoo na debe la viazi.

"Bibi amekutumia, shangazi. Anasema tangu siku ile analala kama mtoto. Na juzi alitukusanya wote, akapika togwa, tukampeleka shambani kwa babu. Alivyokuwa anaongea na wale waliozikwa pale, yaani ungelia. Akawaambia serikali imesikia, sasa mlale."

Rozalia alimpokea jogoo, akamfunga kwenye mguu wa meza, akamwandalia mgeni chakula. Happy alipoondoka aliketi jikoni akajisikia mchafu. Kuwadanganya walio hai kulikuwa mazoea yake, lakini sasa wamepelekewa habari zake hata waliolala chini ya matuta. Jogoo yule alikaa pale siku mbili akiwika, na Rozalia hakuthubutu kumchinja.

Mzee Alan alikuwa bado nchini, huko Mbeya. Baba yake alipopanda cheo alihamishiwa huko, kwenye ofisi ya jimbo, na mzee alitaka kuiona nyumba waliyokaa. Rozalia akapanda basi la asubuhi. Alipita Mafinga, akapita Makambako, akapita njia panda ya kwenda Ubaruku ambako malori ya mpunga yalikuwa yamezuia barabara, na muda wote alikuwa anayarudia maneno ya Bibi mdomoni, kwa Kiingereza, mstari kwa mstari, kama mtoto anayekwenda kukariri mbele ya darasa. Abiria wa pembeni alidhani anasali, akamwachia nafasi.

Alimkuta kwenye bustani ya nyumba ya wageni, amejifunika blanketi kwa baridi ya Mbeya. Rozalia hakukaa. "Mzee Alan, siku ile sikukutafsiria," alisema. "Nilikata." Na palepale, akiwa amesimama, akamwambia yote. Alimweleza mama aliyefika kilimani na mimba, watoto wa surua, mawe, vijiti, kiti cha turubai. Alimweleza karani aliyechoka, neno moja, kicheko kilichoeleweka vibaya, mahindi yaliyostawi. Alimweleza kwamba baba wa Bibi Veneranda hakukataa, aliomba aonyeshwe pa kupita. Hakupunguza kitu, hata pale uso wa mzee ulipoanza kubadilika.

Mzee Alan hakulia safari hii.

"Nakushukuru kwa kuniambia," alisema mwishowe. "Natafuta kichwani. Baba alisimulia sana habari za huku, mpaka anakufa, kila Jumapili mezani. Alisimulia mvua. Alisimulia mawaridi aliyoyapanda mama mbele ya boma. Alisimulia chui aliyemchukua mbwa wetu barazani, Rufus, alivyomfuata na bunduki mpaka mtoni. Hadithi hiyo aliisimulia kila mwaka, na kila mwaka sauti ilimkwama. Lakini hili hakuwahi kulitaja. Hata mara moja." Akavuta blanketi. "Baba angesikia, angeyazungusha hayo matuta. Naamini hivyo. Nasikitika sana. Mwambie. Na safari hii mwambie yote, tafadhali, usipunguze."

Rozalia akaahidi. Na hapa ndipo msimulizi anapokasirika naye kidogo, kwa sababu mtu mwingine angeutua mzigo wake Mbeya na kurudi nyumbani kwake. Ujumbe wa Bibi ulikuwa umefika sasa, ingawa kwa kuchelewa, na alichokuwa ameaminishwa Bibi kilikuwa kimegeuka kweli. Ilibaki kunyamaza tu. Lakini dhamiri inayouma haijui kunyamaza, inatafuta mtu wa kumwambia, na mara nyingi inamtafuta yuleyule iliyemkosea. Rozalia alijiambia anakwenda kumtendea Bibi haki. Kuna saa ndani ya basi alijua kabisa kwamba anakwenda kujitua mzigo.

Alimkuta Bibi Veneranda palepale barazani, na mahindi yake. Bibi akafurahi, akaita chai. Rozalia akapiga magoti kwenye mkeka.

"Bibi, siku ile sikumwambia. Alilia kwa sababu nilimwambia baba yake alikuwa mtu wa haki. Mengine niliyakata."

Vidole vya Bibi vikasimama kwenye gunzi. Rozalia alitamani afokewe, atukanwe, afukuzwe, chochote.

"Nami nimeshawaambia kule shambani," Bibi alisema polepole.

"Najua, bibi. Nisamehe. Nimekwenda Mbeya, nimemwambia sasa. Yote."

"Yote?"

"Yote, bibi. Sikuacha kitu."

Bibi akavuta pumzi. Rangi ikamrudia usoni kidogo, akaegemea ukuta. "Haya. Basi si neno. Nitarudi niwaambie ilichelewa. Akasemaje?"

Rozalia alikuwa ameahidi kutopunguza. Akasema mzee anashukuru na anasikitika sana. Akasema anaamini baba yake angeyazungusha matuta kama angesikia. Bibi alikuwa anatikisa kichwa kukubali, anangoja zaidi. Basi Rozalia akaendelea. Akasema mzee ametafuta kichwani, na baba yake hakuwahi kulitaja jambo lile. Alitaja mvua. Alitaja mawaridi ya mbele ya boma. Alitaja mbwa wao aliyechukuliwa na chui, alivyomfuata mpaka mtoni, na kila mwaka akimtaja sauti ilimkwama.

Alipofika kwa mbwa alitamani kufupisha. Hakuwahi kutamani kiasi hicho maisha yake yote, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

"Mbwa," alisema Bibi.

"Ndiyo, bibi."

"Mbwa alikuwa na jina?"

Rozalia akafumba macho. "Rufus."

Bibi alilijaribu jina hilo mdomoni, likamshinda, akalijaribu tena. Kisha akamgeuzia Rozalia yale macho yenye ukungu. "Na baba yangu, aliuliza aliitwa nani?"

"Hakuuliza, bibi."

"Na wewe ulimwambia?"

Rozalia akayapitia maneno yake ya Mbeya, yale aliyoyakariri kuanzia Ipogolo hadi kwenye ile bustani. Makaburi yalikuwemo. Surua ilikuwemo, vijiti, kiti cha turubai, mahindi. Kila mahali alisema baba wa Bibi Veneranda. Alifungua mdomo, na ulimi wake mzuri haukumsaidia.

"Sikumwambia, bibi."

Bibi Veneranda aliliokota gunzi, akaendelea kupukuchua. Aliposema tena hakusema kwa Kihehe. Alisema kwa Kiswahili, taratibu, neno moja moja, kama anavyosemeshwa mgeni.

"Aliitwa Marcelino."